Ngozi ya Landrova

Nyumba ya bati, ina magurudumu manne, waliomo ndani wanataga na haijaenda popote kwa miaka ishirini na zaidi. Wajukuu wangu wakisikia kitendawili hicho wanajibu kabla sijamaliza kutega: Landrova la babu.

Lilikaa upande wa machweo wa uwanja wangu, huku kwetu Kishapu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Mhunze. Pikapu ndefu ya zamani, milango miwili ya rangi ya kijani iliyopakwa kwa mkono. Matairi yalishaliwa na jua. Kuku walichukua kiti cha dereva, bata akachukua cha abiria, na kwenye boneti tulianika mtama. Mume wangu Mabula alipofariki, mwaka elfu mbili na kumi na sita, sikuligusa. Mtu akifiwa huwa haanzi na vyuma.

Mwezi wa tano mwaka huu niliingiza mkono kuchukua mayai nikasikia pumzi ambayo si ya kuku. Nilirudisha mkono polepole. Alikuwa swila, amejikunja chini ya stelingi kama mtu anayesubiri kuwasha gari. Majirani walimuua, lakini wiki ya pili tukamwona mwingine. Mjukuu wangu Limi, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye ninayeishi naye, aliweka chini madaftari ya wanafunzi wake akasema sasa hili gari liondoke. Sikubisha. Nilikwisha kuvihesabu vidole vyangu.

Limi akampigia simu Nasibu, mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Kahama. Nasibu ni mtu mnene wa kucheka, alikuja na lori lake siku ya Jumanne, akalizunguka Landrova mara mbili, akaligonga hapa na pale kama mtu anayechagua tikiti maji. Akasema chuma ni kizuri, cha siku hizi si hivi. Tukaelewana. Kisha akafuta mikono yake na kuuliza kadi ya gari iko wapi.

Nikamwambia kadi ninazo nyingi: ya kupigia kura, ya kliniki ya macho, na ya chama cha ushirika cha pamba. Akacheka sana, halafu akaacha kucheka.

"Bibi, mimi siku hizi nikibeba gari bila kadi nalala ndani. Wananiuliza nimelitoa wapi. Mzee alilipata wapi hili?"

Miaka thelathini na moja gari limekaa uwanjani kwangu, nimelipanda nikienda kujifungua kitinda mimba wangu, limebeba pamba yangu, mgonjwa wangu, na maiti ya mama mkwe wangu, na sikujua lilikotoka.

Niwaeleze siku lilipofika. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, wakati wa kuchuma pamba. Mabula alikuwa ameaga kwamba anakwenda upande wa Geita, hakusema kufanya nini. Alikuwa dereva wa trekta la ushirika, kwa hiyo kuendesha alijua. Siku ya tano tukasikia ngurumo, watoto wakakimbia, na yeye akashuka kutoka kwenye Landrova lile, akafunga mlango taratibu kama mtu anayefunga mlango wa kanisa. Nilimuuliza hili nini. Akasema, "Limekuja kukaa kwetu."

Basi. Mimi nilisikia kwamba amelinunua. Majirani walisikia kwamba ameokota almasi, maana mgodi wa Mwadui si mbali na watu wa huku hawaamini kwamba mtu anapata kitu bila almasi. Mabula hakumjibu yeyote. Alikuwa mtu wa maneno machache; hata vitendawili vyangu alikuwa akinijibu kwa kidole.

Nasibu aliondoka na lori tupu, akasema nikipata kadi nimwite. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Marwa, Mkurya aliyehamia kwetu miaka mitatu iliyopita. Ni kijana wa haki, ila hajui kuzunguka maneno. Nilimwomba barua inayosema kwamba gari ni la marehemu mume wangu. Alikuwa ameshika kalamu tayari, kisha akaiweka.

"Mama Martina, mimi sisemi mzee aliiba. Nasema siwezi kuandika kwamba hakuiba."

Akanieleza utaratibu. Gari ambalo mwenyewe hajulikani, yeye mtendaji inabidi alitolee taarifa polisi. Atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Nisipoleta chochote, ataandika kwamba limekutwa kwenye mji wa marehemu Mabula, na wenye kazi yao waulizie lilipotea wapi. Alisema hayo kwa heshima, na akanisindikiza mpaka barabarani.

Njiani nilikuwa sioni mbele. Mambo ya swila na ya Nasibu yalikwisha toka kichwani. Jina la mume wangu lingeandikwa kwenye karatasi ya polisi, karibu na neno wizi, na mimi niliyelala naye mkeka mmoja miaka arobaini sikuwa na la kusema. Nilitaka kujua jambo moja tu: Mabula aliiba au hakuiba. Hata kama jibu ni baya, nilitaka kulijua mimi kwanza, kabla ya kijiji.

Tulianza kutafuta. Limi alipekua sanduku la babu yake, karatasi moja moja. Tulikuta risiti za pamba, cheti cha trekta, picha yake amevaa kofia isiyo yake. Kadi ya gari hakuna. Tukainua magodoro. Tukafungua Biblia na kuitikisa. Mwisho nikakumbuka kihenge cha zamani, kile tulichoacha kuweka mtama panya walipokitoboa. Mabula alikuwa akipenda kuingia mle peke yake, na mimi nilidhani anakwenda kunusa tumbaku.

Tulikuta gunia. Ndani yake kulikuwa na vipande vya gari. Honi. Kioo cha taa kilichopasuka. Mpini wa mlango. Mshale wa kuonyesha mwendo, na kibati chake. Kifuniko cha rejeta. Vipande kumi na saba, na kila kimoja kimefungwa kamba ya katani na kutundikwa kikaratasi cha boksi chenye tarehe, kwa mwandiko wa Mabula ule wa kuegemea kushoto. Kitu kikivunjika kwenye Landrova, hata kikiwa hakifai, alikiokota, akakifunga, akakihifadhi. Nilikumbuka mwaka ule kijana wetu alipotaka kuuza honi mbovu kwa fundi wa baiskeli, Mabula alimzuia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona.

"Sasa hii ni nini?" Limi aliuliza.

Nilimwambia sijui. Lakini moyoni niliwaza kama ambavyo Marwa angewaza: mtu anayeficha vipande vya gari ghalani ana sababu.

Siku mbili baadaye nikakumbuka neno la Nasibu. Wakati analigonga gari alisema rangi hii si ya kiwandani, mzee alipaka mwenyewe na brashi ya ukuta. Ni kweli, nilikuwepo. Wiki ile ile gari lilipofika, Mabula alipaka milango yote miwili rangi ya kijani iliyobaki kwenye madirisha ya shule. Milango tu. Nilimuuliza kwa nini asipake lote, akasema rangi haitoshi.

Kwa nini milango? Nilichukua gunzi la mahindi, nikalichovya kwenye mafuta ya taa, nikaanza kusugua mlango wa dereva. Kuku walinishangaa. Nilisugua asubuhi nzima, mkono ukauma nikabadilisha, na kijani kikaanza kutoka kama utando wa uji. Chini yake kulikuwa na rangi ya maziwa, na juu ya rangi ya maziwa kukaja herufi nyeusi. Zamani magari ya mizigo yaliandikwa jina la mwenyewe mlangoni, mnakumbuka. Ikatoka A. Ikatoka N na D. Limi aliporudi kutoka kazini alinikuta nimekaa chini, gunzi mkononi, mbele yangu kumeandikwa:

A. NDALAHWA
S.L.P. 9
USHIROMBO

Mume wangu alikuwa amefuta jina la mtu.

Limi alikaa karibu nami akanishika bega. Alisema labda tuache hapa. Tumwachie Marwa aandike anavyoandika, babu ameshapumzika, na tukiendelea kusugua tunaweza kukuta tusichokitaka. Alisema kwa upendo, na nusu ya moyo wangu ilikubaliana naye. Usiku ule nilimwaza Mabula vibaya, na kesho yake, na kesho kutwa. Niliwaza kama yule A. Ndalahwa alikuwa hai wakati babu wa wajukuu zangu anaondoka na gari lake. Naandika haya kwa sababu ni kweli na kwa sababu nimekwisha kumwomba msamaha.

Lakini mimi kitendawili kikinishinda sili. Ndivyo nilivyo tangu darasa la kwanza mpaka la nne nilipoishia. Mwalimu wetu alikuwa akitega cha mwisho jioni ili tulale nacho, na mimi nilikuwa silali. Nilimwambia Limi alete bisibisi. Tulifungua kibao cha namba cha nyuma, kile cheusi cha zamani chenye maandishi meupe. Nikakisafisha na majivu, nikakifunga kwenye kanga, na shule zilipofungwa tu tukapanda basi la kwenda Kahama, tukapita Buzwagi, tukashika njia ya Ushirombo. Limi alikaa dirishani. Mimi nilikipakata kibao kama mtoto.

Sanduku la posta namba tisa lilikuwa la parokia. Zamani waumini wengi walipokelea barua zao hapo. Katekista tuliyemkuta anafagia alitikisa kichwa mara tatu akilitafuta jina, halafu akasema, "Anatoli. Anatoli Mchimbaji. Alifariki mwaka wa tisini na tisa. Ila mke wake Mektilda yupo, amerudi, anakaa nyuma ya kisima."

Tulimkuta Mektilda barazani kwake amekaa kwenye mkeka, anabangua karanga. Mwanamke mwembamba, amesimama mgongo hata akiwa amekaa. Hatukujua nani amsalimie nani shikamoo. Alinitazama mvi, nikamtazama zake, akaniuliza mwaka wa kuzaliwa, nikamwambia, akasema yeye ni mdogo kwa miezi minne na hiyo shikamoo ataitoa lakini kwa shingo upande. Nikaipokea. Limi akatoa yake. Nikakaa kwenye mkeka nikaanza kubangua naye, maana kumkodolea mtu macho akiwa kazini si adabu.

Alisema kama tumekuja kununua karanga, tunachelewesha biashara kwa kuzila. Nikasema hatukuja kununua. Nikafungua kanga, nikaweka kibao cha namba kati yetu, juu ya maganda.

Mektilda aliacha kubangua. Alikigusa kwa kidole, akafuata tarakimu moja moja kama anayefundishwa kusoma. Halafu akainuka, akaingia ndani.

Alikaa sana. Tulisikia sanduku linaburutwa. Limi alininong'oneza kwamba labda anapiga simu kuita wanawe, na kwamba yeye anaikumbuka njia ya stendi. Nilimwambia atulie. Kwa kweli nami nilikuwa nimeshaitafuta njia kwa macho.

Mektilda alitoka ameshika mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Alikaa, akafungua mafundo yote mawili kwa meno, akatoa kitu kama kijitabu kilichochakaa pembe, akakiweka ubavuni mwa kibao. Limi aliinama akasoma. Ilikuwa kadi ya gari, na namba ni ile ile.

"Dada," Mektilda alisema, "mimi nimekaa na jina miaka yote hii. Kumbe mwili ulikuwa kwako?"

Nilimwambia ulikuwa kwangu, na kwamba nimekuja kujua ulifikaje. Nikamwambia jina la mume wangu na kwamba alishatangulia. Nikamwambia pia kuhusu mlango na rangi ya kijani, sikuficha, kwa sababu kama ni wizi basi mwenye kuibiwa ndiye huyu na ana haki ya kusikia yote.

Mektilda hakushtuka. Alichukua karanga moja akaigeuza vidoleni. Kisha akasimulia.

Anatoli alikuwa mchimbaji. Dhahabu aliyoipata mwaka wa tisini na mbili ndiyo iliyonunua Landrova, na ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa dhahabu yake kuonekana kwa macho, kwa sababu nyingine yote iliingia kwenye duara jipya. Duara ni shimo, watu wa machimbo ndivyo wanavyoliita. Mchimbaji akipata kwenye duara moja, haraka anatafuta jingine la kumwagia alichopata. Mwaka uliofuata Anatoli alitoka nyumbani na gari akarudi kwa miguu. Mektilda akamuuliza gari liko wapi. Akajibu, "Liko kwa mtu."

"Nilijua amelitia shimoni," Mektilda alisema. "Wote husema hivyo. Baiskeli iko kwa mtu, cherehani iko kwa mtu. Nilikaa naye miaka sita bila kumsamehe. Nilimpikia, lakini sikumsamehe. Kitu kimoja tu kilinisumbua: mtu anayeuza gari kwa nini abaki na kadi?"

Nilimuuliza kama aliwahi kumwona huyo mtu. Akafikiri. Akasema hapo kuna jambo la kuchekesha. Kulikuwa na mwanamume mmoja, mrefu, mkimya, Msukuma kwa salamu zake. Alikuja mara mbili tatu, kila baada ya mavuno, anabisha hodi na kifurushi cha gunia kwapani. Anatoli alikuwa akimpokea kwa furaha, wanakaa nje, kifurushi kinafunguliwa, Anatoli anakitazama kilichomo, anatikisa kichwa kwa huzuni, wanakunywa uji, mgeni anaondoka. Na kilichomo siku zote ni takataka. Mara kifuniko cha gurudumu. Mara kioo kilichopasuka.

"Nilidhani ni wendawazimu wawili wamekutana," alisema. "Nikitaka kuvitupa, Anatoli anakuwa mkali."

"Ulivitupa?"

"Aliviweka kwenye sanduku. Vimo humo humo nilimotoa kadi."

Aliingia tena, akarudi na kioo cha pembeni cha gari, kile cha kumwonyesha dereva yaliyo nyuma, kina ufa kutoka pembe hadi pembe. Kwenye shingo yake palifungwa kamba ya katani, na kwenye kamba kikaratasi cha boksi. Tarehe. Mwandiko wa kuegemea kushoto.

Landrova langu lina kioo kimoja. Upande wa pili pamebaki mkono mtupu wa chuma, kuku mdogo hupenda kulala pale.

Nilikishika kile kioo na ndipo nilipoona. Sikuona kwa akili, niliona kama mtu anavyouona uso wake. Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka ungo ukapinduka karanga zikamwagika, na Mektilda akamuuliza Limi kama bibi yake huwa hivi.

Jamani, mimi ni binti wa wafugaji. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Huwagawa kwa marafiki anaowaamini, mmoja huku, watatu kule. Ndiyo tunaita kubilisa. Anayepewa anakamua maziwa, anatumia samadi, analimia, lakini ng'ombe si wake. Hatangazi ni wa nani, hata kwa mkewe, kwa kuwa mwenyewe kawapeleka huko ili wasionekane. Hakuna karatasi. Na ng'ombe akifa, aliyepewa hachimbi shimo akanyamaza: anabeba ngozi mpaka kwa mwenyewe, aione kwa macho yake, ajue hakuuzwa wala hakuliwa kwa siri.

Mabula alikuwa amepewa Landrova la kufuga.

Hakujua namna nyingine ya kutunza mali ya mtu. Alifunika jina mlangoni kama ambavyo mfugaji hasemi ng'ombe hawa ni wa fulani. Alilibebea pamba na wagonjwa, ndiyo maziwa yake. Kila kipande kilipokufa alikichukua, akakiandikia siku ya kifo, akasafiri nacho mpaka Ushirombo kukionyesha. Na gunia lile nililifungua mimi, niliyekua nikiona ngozi za watu zikipelekwa kwa wenyewe, nikatafuta karatasi.

Nilipomaliza kueleza, Mektilda alikichukua kioo mkononi mwangu akakitazama. Akaniuliza kwa nini Mabula aliacha kuja. Nikamuuliza yeye alikuwa wapi mwaka wa tisini na tisa. Akasema baada ya mazishi alikwenda kwa kaka yake huko Runzewe akakaa miaka mingi, nyumba hii ikafungwa. Aliporudi, jirani alimwambia kuna mtu mrefu aliyekuja na kifurushi, akaambiwa Anatoli amekufa na mjane hayupo, akakaa barazani mpaka jua likapungua, kisha akaondoka na kifurushi chake. Tarehe ya kwanza kwenye gunia langu ni ya mwaka huo. Ni honi. Aliirudisha nyumbani, na vipande vilivyofuata akaviweka ghalani vimsubiri mwenyewe.

"Lakini kwa nini ampe gari mtu wa mbali hivyo?" Limi aliuliza. "Walijuana wapi?"

Hilo Mektilda alilijua nusu. Anatoli aliwahi kwenda kujaribu almasi huko Maganzo, akaugua, na mtu asiyemjua akambeba kwenye baiskeli mpaka hospitali ya Mwadui, akakaa naye siku nne. Nusu nyingine niliijua mimi. Mabula alipotea siku nne mwaka wa themanini na nane, akarudi baiskeli imechafuka matapishi, nikamwandama kwa maswali, akasema tu, "Nilikuwa na mgonjwa." Nilimnunia wiki nzima.

Mektilda alifuta macho kwa upindo wa kitenge, akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo alilificha lisije likaingia shimoni. Alilificha mikono yake mwenyewe isilifikie."

"Naona hivyo," nilisema.

"Angeniambia."

"Huyu wangu naye angeniambia."

Tukaanza kuokota karanga.

Mambo ya ofisi sitawachosha nayo. Mektilda alikwenda mahakama ya mwanzo na wanawe, akathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, karatasi ikagongwa muhuri. Nilimtumia Bwana Marwa salamu kwamba mwisho wa mwezi unakuja na jibu linakuja nao. Akasubiri, na zilipohitajika wiki mbili za ziada akasubiri tena. Katikati ya mwezi wa saba Mektilda akashuka Mhunze na begi dogo na mfuko wake wa mafundo mawili.

Siku ile uwanja wangu ulijaa. Watu walisikia mwenye gari amekuja na wengine walikuja kuona kama ameleta polisi. Marwa alisimama mbele ya mlango wa dereva, akalinganisha kadi na herufi nilizozisugua, akachuchumaa akalinganisha na namba iliyogongwa kwenye chesesi. Akainuka akasoma kwa sauti jina la Anatoli Ndalahwa. Halafu, bila mimi kumwomba, akasema gari hili lilikabidhiwa kwa marehemu Mabula, naye amelirudisha kwa mwenyewe. Akaandika hivyo hivyo kwenye barua. Nilimwomba anisomee tena mstari ule, nikamwambia macho yangu hayaoni vizuri. Akausoma tena. Macho yangu yanaona vizuri kabisa.

Nasibu naye alikuwa amerudi na lori lake na kuelewana bei na Mektilda; kabla hajafunga minyororo, nilileta lile gunia kutoka kihengeni, nikaliweka miguuni pa Mektilda. Nikamtolea kimoja kimoja na kumsomea tarehe yake. Honi. Kioo cha taa. Mpini wa mlango. Vijana walicheka mwanzoni. Wazee hawakucheka; mzee mmoja alivua kofia, na nikaona wenzake wameshaelewa bila kuambiwa. Mwisho kabisa nikampa kibao cha namba, kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Hii ndiyo ngozi. Alikufa mzee, hakuuzwa."

Mektilda, ambaye si Msukuma, alikipokea kwa mikono miwili vile vile. Kingekwenda naye kwenye ofisi ya usajili wa magari, wakalifute gari kwenye vitabu vyao.

Kisha akauliza kama ni kweli, alivyoambiwa na Limi, kwamba aliyefuga ng'ombe wa mtu vizuri hupewa ndama. Nilisema ni kweli lakini hili gari halikuzaa. Akasema mume wake ndiye mchimbaji, yeye huwa hakosi kitu mfukoni. Akafungua begi, akatoa kile kioo chenye ufa.

Lori liliondoka na Landrova limeelekeza pua nyuma, kana kwamba linatutazama. Nasibu alipiga honi mara tatu.

Kioo nimekitundika jikoni, karibu na mlango, na kamba yake ya katani na kikaratasi chake. Nikikaa kwenye kigoda kupepeta mtama, nauona ndani yake uwanja wote ulio nyuma yangu, umekatwa vipande viwili na ule ufa. Pale palipokuwa na gari pamebaki mstatili wa udongo mweupe. Kuku walilia siku nne wakiuzunguka. Siku ya tano tetea mmoja alikwenda akajichimbia kijishimo mahali pale pale palipokuwa na kiti cha dereva, akataga hapo hapo chini juani. Namwona sasa hivi kwenye kioo. Limi anataka kumjengea banda. Nimemwambia asubiri kidogo, nione kwanza bata atakaa upande gani.